Mtapishaji Aliyemsingizia Mke Wake Mwenyewe

Saa moja asubuhi, Komando amezama hadi kifuani ndani ya choo cha watu. Anavuta hewa kwa mdomo, anajaza ndoo kwa koleo la mpini mfupi, anatikisa kamba, na mwenzake aliye juu anavuta. Ndoo inapanda ikiyumba, inamwagwa kwenye pipa, inarudi.

"Ukija kazi hii, pua iache nyumbani," anasema kutoka shimoni. "Utaikuta jioni, haiibiwi."

Nje ya ua kuna kicheko cha mwanamke, kirefu, kinachoishia kwa kikohozi kidogo. Sauti ya mwanamume inasema jambo, kicheko kinarudi. Komando anaacha koleo na kusimama tuli mpaka sauti zipotee.

"Umemsikia?" anauliza. "Huyo ni mke wangu. Mimi hajanichekea hivyo tangu mvua za mwaka jana."

Huyo ndiye Komando, baba wa watoto watatu, mtapishaji wa vyoo kwa miaka kumi na minne na, kwa maneno yake mwenyewe, mtu mwenye wivu kuliko wote katika mji huu mdogo.

Kazi ya kutapisha imekua pamoja na mji. Zamani choo kikijaa watu walikifukia, wakapanda mgomba juu yake, wakachimba kingine pembeni. Sasa viwanja vimekatwa vidogo, ukuta umegusana na ukuta, na choo kimoja kinatumiwa na familia nne au tano. Pa kuchimba hapana. Gari la majitaka lina bomba refu na bei ndefu zaidi, na kwenye vichochoro haliingii. Basi anaitwa Komando.

Lakini anaitwa kwa kunong'onezwa. "Napitishwa mlango wa nyuma," anasema. "Nikiomba maji ya kunywa, naletewa kwenye kopo la rangi. Nikishakunywa, kopo linatupwa huku naona."

Mambo ya mkewe ni mengine kabisa. Mwaka jana alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa mtaa, akapewa mafunzo na fulana ya buluu. Anapita nyumba hadi nyumba akifundisha kunawa mikono, kufunika tundu la choo na kuchagua choo kinachofaa familia. Anachokipigia debe zaidi ni choo cha mashimo mawili. Shimo moja likijaa linafungwa na kupumzishwa miaka miwili, mpaka uchafu ugeuke udongo mkavu, huku familia ikitumia la pili. Watu wanamwita Bibi Afya. Anakaribishwa sebuleni, anapewa chai kwenye kikombe cha wageni.

"Sisi wawili tunahangaikia choo kile kile," Komando anasema. "Yeye anapewa kisahani. Nisikufiche, inaniuma."

Tena hapo bado hatujafika kwenye kidonda chenyewe.

Wiki ya kwanza ya kazi, Bibi Afya alikuwa amempakata mtoto wa mwanamke mmoja, anamweleza habari za kuhara, jirani akapita na kuropoka kwamba huyo ni mke wa mtapishaji. Mama mtoto akamchukua mwanawe katikati ya somo. Bibi Afya akarudi nyumbani, ng'ambo ya stendi, analia. Jioni hiyo akamwomba mumewe: wakikutana kazini, kwenye mitaa hii mipya ambako wengi hawawajui, wapishane tu, kama watu wasiojuana.

"Nilikubali kwa mdomo," Komando anasema. "Moyo haukuulizwa."

Akapishana naye. Akamwona akipita na fundi wa vyoo ambaye watu wanamwita Vigae, kijana wa shati lililopigwa pasi na futi kiunoni. Bibi Afya anafundisha, Vigae anapima. Siku za jua kali Vigae anamshikia mwavuli. Mwavuli! Komando akisimulia habari za mwavuli huo, povu linamtoka.

"Mimi nasukuma mkokoteni wa mapipa, jasho mpaka kwenye buti. Yeye anapita kivulini na mwanamume mwingine, ananitazama kama nguzo ya umeme. Ungekuwa wewe?"

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Komando hakukonda. Alifanya vibaya zaidi, alifungua mdomo.

Ilikuwa nyumbani kwa muuza mayai, mwanamke ambaye ua wake ndiyo baraza la akina mama wa mtaa. Wote wanamwita Mama Mayai. Komando alikuwa akifunika choo baada ya kazi, Mama Mayai akamuuliza, "Komando, Bibi Afya ananishauri nijenge mashimo mawili. Wewe mtu wa mashimo, waonaje?"

Angesema kweli, yangeishia hapo. Lakini kichwani aliona mwavuli, na aliona wateja wake wakipungua kila choo cha aina ile kinapojengwa. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza. Akajibu, "Hayo ni ya kumpa ulaji yule fundi. Kwani mama huna habari? Yule bibi na yule fundi wana lao jambo. Afya ni kisingizio."

"Sijui lilitokea wapi neno lile," anasema leo. Lilitoka kwenye wivu, tumsaidie kujibu.

Akamsingizia mke wake wa ndoa, kwa mtu asiyejua kwamba yeye ndiye mume. Mama Mayai hakulala na neno hilo. Siku chache baadaye, milango iliyokuwa ikifunguliwa kwa bashasha ikawa inafunguliwa nusu. "Leo tuna wageni, Bibi Afya." "Pita siku nyingine." Komando mwenyewe alikuwa akipakia mapipa alipomsikia Mama Mayai akimwambia jirani, "Namhurumia mume wake, maskini. Sijui hata kama anajua."

Nyumbani, mkewe akaketi bila kuvua viatu. "Baba Watoto, wamenizushia. Eti nina mtu." Kisha akamtazama. "Wewe unajua sina."

"Nani kasema?" Komando akauliza. Ndiyo, aliuliza hivyo.

Uvumi ukamfikia msimamizi wa kazi ya mkewe, naye akampa mama huyo nafasi moja. Aitishe mkutano wa akina mama uani kwa Mama Mayai. Wakimkubali, ataendelea. Wakimkataa, fulana irudi.

Hapo Komando akabanwa. "Nikinyamaza, anafukuzwa kwa uongo wangu. Nikisema mume ni mimi, wanamkataa kwa harufu yangu."

Siku ya mkutano alioga mpaka watoto wakauliza kuna harusi ya nani. Akavaa shati lake la sherehe, akaingia kwa Mama Mayai kupitia lango la mbele. Wanawake wameketi kwenye mikeka, nyuso zimekunjwa. Mkewe amesimama karibu na kibuyu chirizi, kidumu kilichoning'inizwa mtini, ambacho ukikanyaga kijiti maji yanachirizika mikononi. Vigae yuko pembeni na futi yake.

"Wewe Komando, nani kakuita?" Mama Mayai akasema. "Choo bado hakijajaa." Uani wakaangua kicheko.

"Nimekuja kwa mke wangu," Komando akasema, akamwonyesha. "Huyu. Mume mliyekuwa mnamhurumia ni mimi. Hana mtu. Yale maneno niliyatunga mwenyewe, kwa wivu tu."

Mwanamke mmoja akajivuta ukingoni mwa mkeka. Mama Mayai, aliyeutembeza uongo ule mtaa mzima, hakujua aangalie wapi. Vigae akaanza kuichunguza futi yake kama ndiyo kwanza anaiona.

Bibi Afya alimgeukia mumewe. Waliokuwepo wanasema walidhani atalia, au atamtandika kofi.

"Haya, mfano tumepata," akasema. "Mikono michafu kuliko yote hapa ni ya huyu, na sisemi habari za shimoni. Njoo hapa, mume wangu."

Akakanyaga kijiti. Akamnawisha mbele yao wote, kidole kwa kidole, chini ya kucha, nyuma ya kiganja, huku akieleza kila hatua kwa sauti ya mwalimu. "Alinisugua mpaka ngozi ikaomba msamaha," Komando anasema. Wanawake wawili waliwabeba watoto wao na kuondoka. Wengine walibaki.

"Sasa hayo mashimo mawili," Mama Mayai akauliza kwa sauti ya chini, "ni mazuri au mabaya?"

"Mazuri," Komando akajibu. "Yananipunguzia kazi, ndiyo maana niliyasema vibaya."

Fulana ya buluu haijarudishwa. Ipo milango ambayo haijafunguka mpaka leo, na nyumbani Komando bado anatumikia kifungo. Mkewe anazungumza naye kupitia watoto: "Mwambieni baba yenu maji ya kuoga yako tayari."

Mipango anayo. Anataka kuanza kuchimba mashimo ya pili, na yale yaliyopumzika yakikauka, awe yeye wa kuutoa udongo wake, kazi ya mchana kweupe na ya lango la mbele. Kwa hilo itabidi ashirikiane na Vigae. "Nitajitahidi," anasema, kwa uso wa mtu aliyeombwa ameze kwinini.

Wivu haujaisha, na hasemi umeisha. Lakini wiki hii alikuwa akisukuma mkokoteni wake kwenye barabara ya soko, mapipa yamejaa, watu wamejiziba pua, akamwona mkewe anakuja, na Vigae pembeni yake na ule mwavuli. Komando akainamisha kichwa ili apishane nao kama kawaida.

"Baba Watoto," mkewe akaita, kwa sauti ya kusikika mpaka maduka ya ng'ambo. "Ukirudi upitie dukani. Sukari imeisha."

Komando anasimulia hilo mara ya pili, kisha ya tatu, buti zake zikichuruzika.

"Kanituma mbele za watu!" anasema. "Na Vigae alikuwa amesimama pale pale. Yeye hakutumwa."