Yule Msichana wa "Nguo za Watu"

Bado sijakubali kwamba Yusufu hayupo. Nilipoletewa habari nilikuwa na hedifoni masikioni, nasikiliza albamu yake, na yeye alikuwa anacheka mwishoni mwa wimbo.

Kwa hiyo acha niseme kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Yule msichana anayeitikia kwenye "Nguo za Watu", mnayemuulizia kila siku kwenye comments, ni mimi.

Ndiyo, mimi Zaina. Mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza nakosa jibu, akirudia kwa Kinyarwanda nakosa sauti.

Kwa wasiomjua: Yusufu alikuwa fundi nguo kwenye duka la Baba, hapa mtaani kwetu Rwezamenyo, akiishi chumba cha nyuma. Mchana suti za watu. Jioni nyimbo fupi za gitaa, za mbio, zenye kiitikio kinachokuganda kichwani wiki nzima. Yeye aliziita power pop. Baba aliziita "zile za haraka".

Studio haikuwepo. Alining'iniza maiki katikati ya makoti na kanzu za wateja, maana nguo zinanyonya mwangwi. Mteja akiwahi kufuata koti lake, Yusufu ananung'unika kwamba ameondoka na ukuta.

Tulirekodi zile Jumapili ambazo barabara inafungiwa magari ili watu wafanye mazoezi. Hakuna pikipiki, hakuna honi. Baba naye yuko nje anakimbia na wenzake, hivyo hajui niko wapi.

Jumapili moja, katikati ya rekodi nzuri kuliko zote, wakimbiaji wakapita nje ya dirisha wakihesabu kwa pamoja: rimwe, kabiri, gatatu, kane! Nilitaka kulia. Yusufu akasikiliza tena, akasogeza gitaa kidogo lianze baada yao, na hesabu yao ikawa mwanzo wa wimbo. Anayeongoza hesabu ni Baba. Hajijui mpaka leo.

Albamu ilipotoka, mtu aliandika kwamba inasikika kama imerekodiwa ndani ya ndoo. Yusufu alifurahi mno, akaweka maneno hayo kwenye profile yake.

Halafu redio ikaipiga. Wauza nguo wa Gitega, mtaa wa jirani, wakaanza kuimba kiitikio huku wanakunja mashuka. Nilipita katikati yao na mfuko wa nyanya, nimeinamisha kichwa, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Na Baba! Anaipiga dukani tangu asubuhi. Nyumbani naongea kwa sauti ya chini mpaka ananiambia nirudie, basi atanitambuaje? Siku moja, mimi niko pale pale nashika pasi, akamwambia mteja:

"Huyu binti, kwao wana bahati sana."

Niliunguza kola.

Yusufu alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Lakini hakunitaja. Watu wakiuliza kwenye comments alijibu hivyo hivyo kila mara: atajitaja mwenyewe.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu utotoni, wengi hamkujua. Nilipomtembelea hospitali mara ya mwisho aliniuliza kama nimeshamwambia mzee. Nikatikisa kichwa.

"Sawa, sha, mdogo wangu. Mimi sina haraka."

Jana tumemzika. Leo Baba amefungua duka, na kwa mara ya kwanza hakuweka muziki. Ameshinda amekaa tu mbele ya cherehani ya Yusufu. Nimeona nisipomwambia sasa, ataendelea kudhani wimbo ule ni wa watu wengine, kumbe sote watatu tumo.

Sasa amerudi nyumbani, nasikia ndala zake kwenye korido. Siku nyingine ningegeuza simu kifudifudi. Leo imelala kitandani, skrini juu, maneno haya yakisomeka, mwanga umepanda mpaka mwisho. Mlango niliuacha wazi.

Kaka Yusufu, asante kwa kuningoja. Umeshona vya kutosha, lala salama. Kiitikio niachie mimi.