Mawe mawili ya Bi Zaina yaliyoingia kwenye msingi wa darasa

Wakuu, habari za humu.

Nina jambo nililoliona kwa macho yangu huko ndani ya Bagamoyo, njia ya kwenda Mkange. Chumvi sijaongeza, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi nipo chuo hapa Dar. Likizo iliyopita nilipata kazi ya kuwatafsiria wanachuo kutoka Ulaya, volunteers waliokuja kujenga darasa la shule ya msingi. Vijana wazuri tu. Wanachota maji, wanabeba tofali, ngozi zinababuka na hawalalamiki. Wanaosema hawa huja kupiga picha tu, wangekuwepo pale saiti wangenyamaza.

Sasa kule mawe ni shida. Ardhi ni mchanga na udongo, mawe ya msingi yanaletwa na lori. Siku hiyo lori lilichelewa, nikatumwa barabara kuu kulisubiri.

Nyuma huku wageni wakachoka kukaa bure. Wakasambaa kuokota mawe ili angalau kona moja ianze. Binti mmoja, tumwite Hana, akaingia kwenye majani nyuma ya shule akakuta mawe mawili meupe ya baharini. Akafurahi. Wenzake wakamsaidia kuyabeba, kisha wakafyeka pale na kusawazisha, wakijua wanasafisha kiwanja.

Wakuu, kwao kaburi lina jina na tarehe. Vijijini kwetu jiwe la kichwani na la miguuni linatosha.

Lilikuwa kaburi la binti wa Bi Zaina, mama anayeishi jirani na shule. Marehemu mumewe aliyatoa mawe yale ufukweni Mbegani, akayaleta kwa baiskeli, ili mwanawe asipotee katikati ya makaburi mengine ya watoto yasiyo na alama.

Na hapa ndipo panaponiuma. Watu waliona. Walikuwa wanapita na majembe yao, wakaona mawe ya kaburi yanabebwa, wakasalimia, wakaendelea na safari.

Nilipouliza, mzee mmoja akanijibu, "Wale wageni, mwanangu. Tukadhani kijiji kimewaruhusu. Utaanzaje kumkatalia mgeni?"

Ijumaa asubuhi Bi Zaina akaja kumsomea mwanawe kama kawaida yake. Zege la ile kona lilishakauka, na mawe yake mawili yamo ndani.

Hakupiga kelele. Alizunguka kwenye ule udongo uliosawazishwa, anainama, anagusa, anasogea, anainama tena. Mimi nilishindwa kumtazama.

Fundi mkuu, Shomari, akamwambia atavunja kona amrudishie mawe yake.

"Mawe utanipa, Shomari," Bi Zaina akasema. "Mahali pake utanionyesha?"



Nilimtafsiria Hana yote, sikumpunguzia. Alilia sana. Kesho yake akaniomba nimpeleke kwa yule mama. Njiani alinipa maneno mengi ya kutafsiri, lakini tulipofika alipiga magoti mlangoni akasema moja tu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Shikamoo, mama."

Bi Zaina alimtazama. Nikadhani hataitikia.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, hapo pana vumbi."

Kisha akanigeukia mimi. "Lile jengo ni la watoto wa darasa la ngapi?"

Nikamwambia la kwanza.

Akasema, "Wangu naye alikuwa aanze la kwanza. Mwambieni Shomari asivunje."

Mwezi uliopita nilipita pale. Darasa limekwisha, limejaa watoto. Kila Ijumaa asubuhi Bi Zaina husimama nje ya ile kona, anasoma Fatiha. Mwalimu akimwona dirishani huwanyamazisha watoto mpaka amalize.

Funzo nililolipata: anayekuja kusaidia aulize kabla hajaokota hata jiwe. Lakini lililo kubwa kwangu ni letu sisi wenyeji. Heshima yetu kwa mgeni tumeizidisha mpaka imekuwa ububu. Kumwambia mtu "hapo amelala mtoto wa watu" si kumkosea adabu. Neno hilo moja lingetosha, na lilikuwa kwenye vinywa vya watu wengi asubuhi ile.

Nanyi wakuu, makaburi ya kwenu yasiyo na majina mnayatambuaje? Semeni hapa, na nyumbani pia wasimulieni wadogo zenu, maana mawe ya Bi Zaina yalipoondolewa, hakuna aliyeweza kumwonyesha mahali.