Upande Mmoja wa Meza

Kila Jumatano nilimpeleka bibi mmoja mzee niliyeajiriwa kumhudumia kwenye ukumbi wa jamii yao, karibu na Bondi Junction hapa Sydney, na kila Jumatano nilirudi kwangu Macquarie Fields nimenuna. Nilikuwa na wivu. Sina neno jingine la kuupamba.

Bibi alikuwa Myahudi wa Poland. Ndugu zake wote waliuawa na Wanazi yeye akiwa msichana, na wazee wenzake pale ukumbini karibu wote walikuwa na habari kama hiyo. Wayahudi wenzao waliwabeba kama mayai. Kina mama wa kujitolea waliwaokea keki, madereva waliwafuata hadi majumbani, na mzee akikosa kuja mara moja tu, jioni ile ile anapigiwa simu. Siku yangu ya kwanza nilipanga viti kuzunguka meza, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Msimamizi, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alinishika bega, akavihamishia vyote upande mmoja. Aliniambia wazee wake hawapendi kuupa mlango mgongo. Basi wakaketi wote kwa mstari, kama maharusi waliokimbiwa na wageni, wakinywa chai ya limau na kutazama nani anaingia.

Nikamkumbuka mama. Nyumbani kiti kinachotazama mlango ni chake, na wanangu humnung'unikia kwa Kiingereza kwamba anawazibia televisheni. Yeye pia alikimbia mauaji, kule Burundi, akanizaa ukimbizini Tanzania. Nani amewahi kumpangia kiti? Kanisani kwetu Lidcombe tunasalimiana vizuri, tunapikiana kwenye misiba, lakini hakuna anayemuuliza mwenzake alikimbia nini, maana jibu laweza kumgusa aliyeketi benchi la mbele. Pande zote mbili za mauaji yale ziko pale, zinaimba pamoja. Wale Wayahudi, anayelia na anayempa leso walikuwa wamekimbia jambo moja. Hilo liliniuma kuliko keki zote.

Jumatano moja asubuhi mama alikuwa na miadi na daktari wa macho, Randwick, jirani na ukumbi, na muda wa kumrudisha nyumbani sikuwa nao. Nikaingia ukumbini naye pamoja na bibi, huku nikiomba radhi. Mama akasimama, amekumbatia mkoba wake, anaviangalia viti. Msimamizi hakuniuliza kitu. Alimtazama kidogo tu, akavuta kiti kando ya yule bibi, uso kwa mlango.

“Sit, darling,” akasema. “This one's yours.” Alikuwa anamwambia aketi, kiti kile ni chake.

Machozi yalinitoka. Nilichokitaka kwa miaka mama alikuwa amekipata, tena bila mimi kuomba. Ningeondoka dakika ile ningekuwa mtu mwenye furaha.

Ila bibi aliishi Ubelgiji baada ya vita, kabla ya kupanda meli kuja Sydney, na mama katika usichana wake alifanya kazi kwa masista wa misheni. Kifaransa chao kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha. Mimi nilisomea Tanzania. Kifaransa sikijui hata cha kuombea maji. Nikabaki nimesimama na birika, nikiwatazama wanavyonong'ona vichwa vimegusana. Mara mkono wa mama ukashuka kando ya kiti, vidole vikitazama juu, jinsi tunavyopima kimo cha mtu. Alipima mtoto, wa kufika gotini. Bibi akaushika ule mkono, akaubakiza pale pale.

Mimi ndiye kifungua mimba. Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote, na mama alikimbia kabla sijazaliwa.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani nikashindwa kunyamaza. “Mama, yule mtoto ni nani?”

Mama akafungua mkoba wake, akaufunga tena. “Jumatano utanileta tena?”

“Nitakuleta.”

“Sawa. Lakini wewe utabaki nje.”

Nikapandwa na hasira, watu wakageuka. “Yule mgeni unamwambia, mimi mwanao unanificha?”

“Yule hata nisipomwambia halali usiku,” akasema mama. “Wewe unalala, mwanangu.”

Jumatano iliyofuata nilikaa nje, kwenye kiukuta cha bustani. Haukupita muda sauti ya mama ikanifikia kupitia dirishani. Alikuwa analia kwa nguvu, kilio ambacho nyumbani hatujawahi kukisikia, na kati yake sauti ya bibi, taratibu, ikimwitikia. Nikainuka niingie. Msimamizi alikuwa ameshatoka. Akatikisa kichwa, akaketi kiukutani, akaniachia nafasi kando yake. Nilimchukia yeye, nikamchukia na bibi, nikakaa. Tukasikiliza pamoja, na mimi nikaomba moyoni msimamizi asije akaondoka kando yangu.