Kifaransa cha Mbwa

Jirani yetu mshonaji, hapa Mususa, huongea na wateja, "bakiliya" kama anavyowaita, Kiswahili, huwasengenya kwa Kinande wakishaondoka, na Kifaransa chake chote amemwekea mbwa. Anaamini mbwa haheshimu lugha nyingine. "Assis," humwambia Kapiteni, pini zikiwa mdomoni, na Kapiteni huketi kando ya cherehani, shingo wima kama katekista. Juzi dada yake Nadège alimletea mbwa jike kutoka Mangina. Mshonaji hakumwingiza nyumbani moja kwa moja. Alimpangusa kwanza kwa kipande cha kitenge, akampa Kapiteni akinuse, "juu mugeni anatangulizaka harufu." Kisha akawatembeza wote wawili barabarani, yeye katikati, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Walikwenda vizuri mpaka mlangoni. Hapo Kapiteni akanguruma, yule jike akasimamisha manyoya, kamba zikakaza.

"Assis," mshonaji akasema. "Mais assis, nasema."

Jike akamtazama tu. Kapiteni akaonyesha meno, na kwa woga Kifaransa kikamkimbia mshonaji. "Ikala," akasema kwa Kinande. Jike akaketi palepale. Kapiteni naye akaketi, bega kwa bega na mgeni.

Nadège akacheka mpaka akashika ukuta. Mshonaji hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Kapiteni, akamwuliza polepole, "Donc weye, siku zote unasikiaka vile nasemaka bakiliya?"