Kardinali wa Texas

Fundi cherehani wa mtaa wa Porte de Namur hupima kila kitambaa mara tatu, kisha hukilaza kwa kiganja. Kabla ya kukata, husikiliza kwenye simu mlio wa kardinali, ndege mwekundu aliyerekodiwa na mwanawe huko Texas wiki moja kabla ya kufariki. Ndege anaponyamaza, fundi huizima rekodi upesi, kwa kuwa hapo ndipo mwana huanza kusema.

Jana maman Euphrasie, mteja asiye na habari ya msiba, alimshika mkono. “Papa, kila siku unaikatiza ile ndege! Bon, wacha imalize.” Fundi aliiacha rekodi iendelee.

“Papa, umesikia ile ndege?” iliuliza sauti ya kijana.

Fundi alivua miwani. “Nimesikia, mutoto wangu,” akajibu. “Ongea tu.”