Mbishi na Gari Lililoshushwa

Gerejini walimbandika jina la Mbishi, naye akaliitikia bila kinyongo. Miaka kumi na moja ameshika spana kwenye gereji ya kaka yake mkubwa, na hakuna siku aliyokubali jambo eti kwa sababu tu mkubwa kasema.

Sasa akaja bwana mmoja na gari lake la michezo, kuukuu, milango miwili, kalishusha mpaka karibu lilambe lami. Kupendeza lilipendeza. Lakini likifika mwendo wa themanini, sakafu nzima inatetemeka. Kaka akabalansi matairi mara tatu. Akalipandisha juu ya jeki, akakanyaga mafuta: halitetemeki hata kidogo. "Hili gari zima kabisa," akasema. Kurudi barabarani, yale yale.

"Kaka, si matairi," Mbishi akasema. "Gari limeshushwa, propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, na difu ya ekseli hazikai tena kwenye pembe zake. Ukiliinua, magurudumu yananing'inia, pembe inabadilika, ugonjwa unajificha. Tulipime likiwa limesimama kwa miguu yake."

Haya, mwambie ukweli mtu aliyebalansi matairi mara tatu, uone.

"Unanifundisha kazi niliyokufundisha mimi?" kaka akafoka. "Fanya basi. Likitetemeka tena, kesho unahamia kaunta ukauze plagi. Spana hushiki tena."

Ilimuuma, asikudanganye mtu. Kumtoa huyu chini ya gari akakae kaunta ni kumzika hai. Lakini kurudi nyuma? Thubutu. Akaliegesha gari juu ya shimo la kukagulia, akateremka na kipima pembe, akapima propela, akapima difu, akarudia. Zimepishana nyuzi nne nzima. Akachonga kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli ili difu irudi kwenye pembe yake, akakaza boliti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kaka akapanda na mteja, wakaondoka. Mbishi akabaki getini, mikono kiunoni.

Waliporudi, mteja alishuka anacheka. "Tumefika mia na ishirini, limetulia tuli. Hongera, fundi!" Akampa kaka mkono. Kaka akaupokea, akatabasamu kama vile kazi ni yake.

Mbishi akaenda akasimama katikati yao.

"Bwana, umekosea mkono," akasema, akanyoosha wake, mweusi kwa grisi, wala hakuufuta.