Mtoro wa Meza ya Tatu

Kwa miaka tisa Evelina Shigela alichuna sangara kwenye meza ya tatu ya kiwanda kimoja cha minofu jijini Mwanza, na kwa miaka hiyo yote barafu na klorini vilimla ncha za vidole kama panya, aumaye huku akipuliza. Hakujali. Kidole si uso, nani atakitazama?

Uongozi ukakitazama. Novemba wafanyakazi walichukuliwa alama za vidole, na Machi mashine ikafungwa getini: unabonyeza, inatamka jina lako kwa sauti ya mwanamke mpole asiye na kwao, geti linafunguka. Tangazo lilisema asiyesomeka siku kumi na nne ni mtoro, na mtoro hana kazi. Evelina, kibarua siku zote hizo, alikuwa ameahidiwa ajira ya kudumu mwezi Juni.

Siku ya kwanza alibonyeza. Mashine ikafikiri kidogo.

"Karibu, Sabina Jairo."

Foleni nzima ikamgeukia. Sabina alikuwa jirani yake wa mezani, mtu wa Mara, mcheka hovyo. Januari walikodi basi wakaenda kumzika.

Geti lilikuwa wazi. Evelina akaingia, akanyoosha moja kwa moja hadi kwa Nathaniel, afisa utumishi.

"Mama, mashine haina tatizo," alisema Nathaniel. "Imekusoma."

"Imenisoma mtu mwingine, baba. Tena marehemu."

"Kwenye mfumo hatuna marehemu. Tuna waliopo na watoro."

"Basi mfuteni."

"Kumfuta mfanyakazi lazima athibitishe mwenyewe, kwa kidole." Nathaniel akaitazama kompyuta, akamtazama na yeye, akamsogezea kile kidude cha kubonyeza. "Ukitaka, tumfute sasa hivi."

"Halafu kesho mimi nitaingiaje?"

"Hapo ndipo hutaingia."

Evelina akakificha kidole ndani ya kiganja, akarudi mezani.

Mezani Bernadeta alikuwa na maelezo mazuri kuliko ya ofisi. "Kwetu mtoto akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya marehemu, moja baada ya jingine. Likitajwa la anayemtaka, ananyamaza. Usibishane na jina, dada. Limeshakuchagua."

"Mimi nina miaka arobaini na miwili, Bernadeta!"

"Wengine huchelewa."

Walicheka. Wiki ya kwanza walimwita Sabina kwa utani. Wiki ya pili hakuna aliyecheka, ila jina lilibaki. Asubuhi moja alikuta wamemwachia nafasi ya Sabina, ile ya karibu na mfereji, na hakuna aliyekumbuka kumwachia. Alisimama hapo kwa kuwa pengine pote palikuwa pamejaa. Akachuna samaki wanne, wakatoka safi ajabu, bila kubakiza nyama mfupani. Kwenye wa tano ndipo akaona kisu kiko mkono wa kushoto. Sabina ndiye aliyekuwa wa kushoto. Akakihamishia kulia. Kulia kukawa kugumu.

Siku ya kumi na nne Nathaniel alimwita kwa jina lile jingine, na yeye akaitika kabla hajawaza.

"Sabina, hongera, hujakosa hata siku moja. Juni tunakuajiri." Kisha akatoa bahasha. "Kuna mwenzako, Evelina Shigela, ametoroka kazi. Nasikia mnakaa mtaa mmoja. Mpelekee barua yake ya kuachishwa. Weka kidole hapa kwamba umeipokea kwa niaba."

Evelina alifungua mdomo aseme yeye ni nani. Aliiwaza Juni. Aliwaza miaka tisa. Akaweka kidole. Kikasomeka mara moja.

Jua lilikuwa bado kali alipofika nyumbani na ile bahasha. Ndani binti yake, Queen, alikuwa anafua, redio imefunguliwa hadi mwisho. Evelina aliushika mlango wake mwenyewe, kisha mkono ukasita.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

Akalitafuta la kujibu. "Mtu wa kazini kwa mama. Nina barua yake."

"Mama hajarudi, shangazi. Kaa hapo nje umsubiri."

Evelina akageuza ndoo tupu, akakaa, bahasha mapajani, macho njiani, akimsubiri.